Mkanda Uliobaki Jichoni

Somo la juma: Marko 8:22–26



Juma hili nina jambo la kuungama kabla ya kufundisha. Mwaka jana, Jumapili moja baada ya matoleo, nilimwita mbele mama mmoja wa usharika wetu, fundi cherehani ambaye wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yake. Wiki tano nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Jumuiya yake ilikuwa imemwombea, tulikuwa tumechanga nauli na gharama za hospitali, na sasa alikuwa amerudi. Nikamsogezea kipaza sauti nikamwuliza, "Mama, unaona?" Akajibu, "Naona, Mchungaji. Bwana asifiwe." Vigelegele vikapasua paa, kwaya ikapandisha pambio, nami nikaendelea na ratiba ya ibada.

Alhamisi yake nilipita kibandani kwake kufuata joho langu lililokuwa limeachia mshono. Nikamkuta amesimama mbele ya meza ya kukatia, chaki mkononi, anautazama mstari alioupiga juu ya kitenge. "Mchungaji, huu mstari umenyooka?" Nikamwambia umenyooka. Akakaa kimya kidogo, kisha akafunika jicho la kulia kwa kiganja. "Mimi kwa hili jingine nauona unakwenda kama nyoka." Akaniambia pia kwamba Jumapili ile, aliposimama pale mbele, jicho lile halikumwonyesha uso wa mtu yeyote kanisani. Liliona vilemba na mashati, nyuso hazikuwapo. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu neno ambalo halijaniachia mpaka leo: "Ningesema nini, Baba Mchungaji, na watu wameshashika vigelegele mdomoni?"

Amenipa ruhusa niyaandike haya, nami jina lake nalihifadhi. Nimekwenda naye kliniki mara mbili tangu siku ile, nimemwuliza daktari maswali mengi, na nimesoma. Nataka kwanza tuelewe kilichotokea ndani ya jicho lake, kwa maana tusipoelewa tutadhani alidanganya madhabahuni, au kwamba imani yake ilikuwa haba.

Ukimenya yai la kuchemsha unakuta, kati ya ganda na yai lenyewe, utando mweupe mwembamba. Retina imekaa ndani ya jicho kwa namna hiyo. Ni utando wenye unene wa karibu robo ya milimita, umelalia ukuta wa nyuma wa jicho, na ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Katikati, jicho limejaa ute mzito, kama ule wa yai bichi. Umri unavyosogea, ute huo hulegea ukawa majimaji, ukajivuta kutoka kwenye retina. Kwa wengi huachia bila taabu. Kwa wachache huvuta kwa nguvu hadi retina ikachanika, na kupitia mchaniko huo majimaji hupenya nyuma ya utando yakaubandua, kama mvua inavyobandua rangi ya ukuta uliovuja. Retina iliyobanduka hukosa lishe inayotoka kwenye ukuta ulio nyuma yake, ikaanza kufa. Kwa mwaka mmoja jambo hili huwapata watu kama mmoja katika kila elfu kumi. Walio hatarini zaidi ni wenye macho yasiyoona mbali, waliowahi kupigwa jichoni, waliotolewa mtoto wa jicho, na wenye ndugu waliopatwa na jambo hilohilo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mama huyu alipoteza siku tisa, nami nilikuwa mmoja wa waliomsaidia kuzipoteza. Alianza kuona mimweko pembeni ya jicho, kama radi ya mbali, hata akiwa gizani. Kisha vikaja vidoa vyeusi vinavyoelea, mvua ya masizi. Siku ya nne kivuli kikaanza kupanda kutoka upande wa pua, kama mtu anayevuta pazia. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililotudanganya sote: jicho lisilouma tunalipa muda. Alinunua dawa ya matone dukani. Nami nilimwekea mikono nikamwombea, nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi pesa zipatikane. Wapendwa, maombi yale siyajutii. Najutia kule kusubiri. Mimweko mipya, vidoa vipya vingi kwa ghafla, au kivuli kinachofunika sehemu ya macho ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na tutaombea njiani. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula, ndiyo tunayosomea na kutambulia sura za watu. Daktari akimpata mgonjwa kabla makula haijabanduka, kuna tumaini kubwa la kuona kama zamani. Ikishabanduka, retina inaweza kurudishwa mahali pake, lakini chembe zake huwa zimeshaumia, na utando hautandiki tena sawasawa kama mwanzo. Ndiyo sababu mstari wa chaki ulionyooka ukawa nyoka.

Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita, retina kubanduka ilikuwa hukumu ya upofu. Madaktari walimlaza mgonjwa kitandani majuma mengi bila kusogea, wakangoja. Katika miaka ya 1920 Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, aliwashawishi wenzake kwa shida sana kwamba kiini ni ule mchaniko: utafute, uuzibe, na retina itashika. Yeye aliuziba kwa chuma cha moto. Mwaka 1949 Ernst Custodis wa Ujerumani akaanza kushona kipande cha plastiki juu ya ukuta wa nje wa jicho, ili ukuta ubonyee ndani uifuate retina iliyoukimbia. Na miaka ya 1950, huko Boston, Mbelgiji Charles Schepens akaendeleza njia ya kulizungushia jicho zima mkanda.

Huyu Schepens nimempenda tangu nilipomsoma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliishi kwa jina la uongo katika kijiji cha Mendive, kwenye milima iliyo kati ya Ufaransa na Hispania, akijifanya mfanyabiashara wa mbao. Kiwanda chake cha mbao kilikuwa mlango wa siri. Zaidi ya watu mia moja walivuka mpaka kwa msaada wake, wakikimbia utawala wa Hitler. Alipofika London baada ya kutoroka yeye mwenyewe, alitengeneza kwa vyuma chakavu vya mitaa iliyopigwa mabomu mfano wa kwanza wa ile taa inayofungwa kichwani, ambayo mpaka leo humwezesha daktari kuona ndani ya jicho mpaka ukingoni mwa retina. Ni taa ya namna hiyo iliyommulika mama yetu, naye akalia machozi kwa ukali wake.

Basi mkanda. Ni utepe mwembamba wa silikoni. Daktari anafungua ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, anaupitisha utepe chini ya misuli minne inayoligeuza jicho, anauzungusha kiunoni mwa jicho, anaukaza, anaushona. Mchaniko wenyewe anauzibia kwa baridi kali inayoacha kovu la kushikilia. Ukuta ukibonyea ndani, retina na ukuta hukutana tena, na ule ute unaovuta hulegezwa. Baada ya hapo ngozi hurudishwa juu yake. Ukimtazama mama yetu usoni huoni kitu. Lakini mkanda upo, na kwa kawaida hautolewi. Ataishi nao, na siku ya mwisho atazikwa nao.

Sasa fikirini puto la mtoto. Ukilibana kiunoni kwa vidole, linafanya nini? Linarefuka. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na mkanda ule unaweza kulirefusha kwa kiasi kinachokaribia milimita moja. Milimita moja katika nguo haina maana. Fundi yeyote atawaambia inaliwa na mshono. Katika jicho, milimita moja ni kama namba mbili na nusu hadi tatu za miwani. Mwanga unaoingia hukutana palepale ulipozoea kukutana, ila ukuta umesogea nyuma. Picha inakamilika hewani, kabla haijafika kwenye retina. Jicho limekuwa jicho lisiloona mbali. Zaidi ya hayo, lenzi ya ndani yaweza kusukumwa mbele kidogo, na jicho lililobanwa zaidi upande mmoja hupoteza uduara wake, mistari ya upande mmoja ikawa mikali na ya upande mwingine ikatawanyika. Misuli iliyopitishiwa mkanda nayo huweza kugoma, mtu akaona vitu viwiviwili. Kwa hiyo hospitali haiharakishi kumpa mtu miwani. Husubiri kama miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, jicho litulie katika umbo lake jipya.

Kuna njia nyingine, na kila moja ina alama yake. Tangu miaka ya 1970, Robert Machemer alipofungua njia hiyo kule Miami, madaktari huweza kuingia ndani ya jicho kwa vyombo vyembamba, wakautoa ute, wakajaza gesi, au mafuta ya silikoni, ya kuisukuma retina ukutani. Huyo wa gesi hulala au kuinama kama alivyoagizwa kwa siku kadhaa, na hapandi ndege wala haendi nyanda za juu mpaka gesi iishe, kwa sababu gesi hutanuka ukipanda juu na presha ya jicho ikapanda nayo. Akiwa amevuka miaka hamsini, mtoto wa jicho humjia mara nyingi ndani ya miaka miwili. Wa mafuta ya silikoni huona tofauti kabisa: mafuta hupinda mwanga kwa namna yake, na jicho lenye lenzi yake ya asili likahitaji miwani ya kuongeza ya namba tano hivi mpaka mafuta yatolewe. Nayataja haya ili ndugu zetu waliopitia huko wasijione peke yao. Anayetoka kwenye upasuaji huo ameokolewa jicho, na jicho alilookolewa si lile aliloingia nalo.

Kuna jambo moja katika habari ya mama yetu ambalo lilinishangaza kuliko yote. Kabla ya haya, kama wengi waliokaribia hamsini, alikuwa ameanza kuvaa miwani ya kusomea ili atunge uzi kwenye sindano. Sasa jicho la kushoto, kwa kule kurefuka kwake, linaona karibu bila miwani. Tundu la sindano analiona. Uzi mweusi anautofautisha na uzi wa bluu iliyoiva. Lakini akiinua macho kumtazama mteja aliyesimama mlangoni, jicho hilo linampa ukungu wenye umbo la mtu. Jicho la kulia linafanya kinyume. Akiyafumbua yote mawili, kila moja linampa ukubwa wake wa kitu, na ubongo haujui umsikilize nani. Siku za kwanza sindano ilimchoma vidole kama mwanafunzi.

Nikiwa na picha hiyo kichwani ndipo nilipofungua tena Marko sura ya nane.

Mnaijua habari. Bethsaida, kipofu analetwa, Yesu anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji. Anamtemea mate machoni, anamwekea mikono. Halafu anafanya jambo ambalo simkumbuki akimfanyia mgonjwa mwingine yeyote: anamwuliza kama anaona kitu. Na yule mtu anainua macho na kusema ukweli. Watu anawaona, wanatembea, ila hawatofautishi na miti. Yesu anaweka mikono tena, na sasa anaona kila kitu waziwazi.

Habari hii iko katika Marko peke yake. Mathayo na Luka hawana. Wafafanuzi wengi wameona ugumu wake: Bwana aliyeituliza bahari kwa neno moja, hapa mguso wa kwanza hautoshi? Mimi pia kwa miaka mingi niliihubiri harakaharaka, nikikimbilia mwisho wake. Leo nataka tukae katikati, kwenye ile nafasi kati ya mguso wa kwanza na wa pili, mtu amesimama na miti inayotembea mbele yake, na Bwana anangoja jibu.

Mngekuwa ninyi mngejibuje? Mbele yako yuko Mwana wa Mungu, mate yake bado mabichi usoni mwako. Wanafunzi wanatazama. Jana yote ilikuwa giza, leo kuna mwanga, kuna mwendo, kuna watu. Ni nani kati yetu asingesema, "Naona, Bwana, asante"? Yangekuwa maneno ya shukrani, tena yenye ukweli ndani yake. Na naamini mtu yule angerudi nyumbani kuishi maisha yake yote kati ya miti.

Kilichomwezesha kusema, nadhani, ni lile swali na mahali lilipoulizwa. Yesu alikuwa amemtoa kijijini. Hapakuwa na umati unaosubiri kushangilia. Na swali lilikuwa wazi kweli, la mtu anayetaka kujua. Ndugu zangu, mimi niliuliza swali linalofanana na hilo, kwa kipaza sauti, katikati ya kijiji, nikiwa nimeshaandaa jibu. Mama yangu katika Bwana alinisaidia tu kulitoa. Kosa la ushuhuda ule ni langu.

Tena tazameni Marko alivyoipanga habari hii. Kabla yake, ndani ya mashua, Yesu anawauliza wanafunzi imekuwaje wana macho lakini hawaoni. Baada yake tu, njiani kwenda Kaisaria Filipi, Petro anamtambua kuwa ndiye Kristo, na ndani ya mistari michache anakemewa vikali kwa kuukataa msalaba. Petro alikuwa anaona, na alikuwa anaona miti. Bwana hakumfukuza kwa hilo. Aliendelea kutembea naye, na ilichukua muda mrefu, na jogoo, na mkaa wa moto ufukweni.

Usharika wetu unajua kulia na mgonjwa, na unajua kuruka na aliyepona. Hapo katikati hatupajui. Tuna mabinti waliotoka salama kwenye uzazi mgumu, nao wanaogopa kulala. Tunawaambia wamshukuru Mungu mtoto yuko hai. Tuna vijana walioacha pombe, na kila jioni kwao ni vita. Tumeshawapa uongozi wa idara ili wasionekane wanyonge. Tuna wajane tuliowafuta machozi kwenye arobaini tukadhani yamekwisha. Wote tumewafundisha jibu moja, "Bwana ni mwema," nao wanalisema, na Bwana ni mwema kweli, lakini mkanda umewabana na hakuna wa kumwambia. Shukrani na maumivu vinakaa katika kifua kimoja bila kugombana. Sisi ndio tunaovigombanisha, tunapomlazimisha mtu achague cha kusema.

Nami naamini, na hili nalisema kwa moyo wote, kwamba mkono uliomshika yule kipofu kumtoa kijijini ulikuwa sehemu ya uponyaji wake sawasawa na mate yale. Tunaweza kushika mkono. Kumsindikiza mtu kliniki ya tatu na ya nne, wakati hakuna tena harambee, ni kushika mkono.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilikaa naye kwenye chumba cha kupimia miwani. Kijana anayepima alimvalisha ule mtambo mzito wa majaribio, akawa anabadilisha vioo kimoja kimoja. Hiki, au hiki? Mara ya kwanza nilimsikia mama akisema, "Chochote, mwanangu, vyote ni vizuri." Yule kijana akaweka kioo chini. Akamwambia kwa upole, "Mama, hapa ukinionea huruma utavaa miwani mibaya mwaka mzima. Niambie unachokiona." Nikainamisha kichwa, nikajua nimehubiriwa. Basi mama akaanza kusema. Hiki kina giza. Hiki kinazidisha. Hiki herufi zimekaa lakini zinaegemea kushoto. Wakachukua karibu saa nzima. Jicho la kushoto likatoka na lenzi ya namba mbili na nusu ya kuonea mbali, na marekebisho ya ule mpindo wa umbo. Nyuso zikarudi. Mstari wa chaki bado unayumba kidogo katikati, na daktari amesema huenda ukapungua kadiri miezi inavyokwenda, na huenda usiishe.

Jumatano iliyopita jumuiya yake ilikutana nyumbani kwake. Tulikuwa watu kumi na moja, hakuna kipaza sauti, taa moja, dirisha liko wazi. Baada ya somo nilimwomba radhi mbele yao. Kisha nikamwuliza, "Mama, unaona nini?" Nikakaa chini kwenye mkeka, nikangoja. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. Akaanza na nondo za dirisha.